Megapikseli Ngapi Zinatosha Arusi ya Kamalondo?

Mteja hajauliza bei bado, na muuzaji amekwisha geuza boksi ili namba ionekane. "Yaya, hii njo ya nguvu, iko na megapikseli mingi!" Namba yenyewe imeandikwa kwa herufi kubwa mgongoni mwa simu: 108. Pembeni yake, katika kabati la vitu vya okazyo vilivyoingia Lubumbashi kupitia Kasumbalesa, imelala Nikon D90, kamera iliyotoka mwaka 2008, rangi imechubuka kwenye pembe, lenzi nene kama kopo la maziwa ya unga. Namba yake ni 12. Bei za vitu hivyo viwili zinakaribiana. Kijana anayeanza kazi ya kupiga foto, aliyekopa dola kwa mjomba wake, anasimama katikati akitazama 108, akitazama 12, na akili yake inamwambia kwamba hesabu ni rahisi.

Mazungumzo ya leo yanamhusu kijana huyo, pamoja na wenzake wa Kamalondo, Kenya, Katuba na Ruashi, mitaa ya Lubumbashi, wanaotafuta riziki kwa foto za arusi, za ubatizo, za matanga, za diploma na za pasipoti. Pesa ya kamera ni pesa nzito. Ikishatoka mfukoni kwa ajili ya namba ambayo mnunuzi haielewi, hairudi. Na namba hii ya megapikseli, ingawa si ya uongo, imebebeshwa mizigo isiyo yake.

Picha ya dijitali ni kama shamba la mahindi lililopandwa kwa mistari iliyonyooka. Kila shina ni nukta moja yenye rangi moja, na nukta hiyo ndiyo pikseli. Anayetaka kujua shamba lina mashina mangapi hazunguki akihesabu moja moja. Anahesabu mistari, anahesabu mashina ya mstari mmoja, anazidisha. Kamera inayotoa picha yenye nukta 6,000 kwa upana na 4,000 kwa kimo inapata nukta milioni 24, na kwa kuwa nukta milioni moja huitwa megapikseli, kamera hiyo ni ya megapikseli 24. D90 ya kabatini inatoa 4,288 kwa 2,848, yaani milioni 12 na kidogo.

Shamba hilohilo lina mtego wake. Mkulima akilirefusha mara mbili na kulipanua mara mbili, mashina yanakuwa mara nne. Hesabu hiyo igeuzwe sasa, msikilizaji aone. Kamera ya 24 ina megapikseli mara mbili ya D90, lakini mstari wake umeongezeka kutoka 4,288 hadi 6,000 tu, asilimia 40 hivi. Anayetaka undani uongezeke mara mbili kila upande, akitoka kwenye 12 lazima afike 48. Na yule anayeongeza pesa ili atoke kwenye 20 aende kwenye 24 amerefusha mstari kwa chini ya asilimia 10, tofauti ambayo jicho la bibi arusi halitaiona hata akipewa miwani.

Foto itakwenda kukaa wapi? Hilo ndilo swali la kuanza nalo dukani, kabla ya namba yoyote. Maabara za kuchapa foto hupenda nukta 300 katika kila inchi, kwa sababu mtu akishika karatasi mkononi, umbali wa sentimita 30 hivi, nukta zilizobanana kiasi hicho jicho haliwezi tena kuzitenganisha. Foto ya pasipoti yenye sentimita 3.5 kwa 4.5 inataka nukta 413 kwa 531: haifiki hata robo ya megapikseli moja. Foto ya 10 kwa 15, ile inayojaza albamu za familia, inataka megapikseli 2. Ya 20 kwa 30, inayotundikwa sebuleni juu ya kiti cha baba, inataka 8 na kitu. Karatasi ya A3 inataka 17, na hata hiyo mtu huitazama akiwa amerudi hatua moja nyuma, kwa hiyo 12 zinaweza kuibeba bila aibu.

Wengi hudhani bango la barabarani ndilo linalokula megapikseli nyingi kuliko vyote. Ni kinyume kabisa. Jicho zima likiwa mita 10 kutoka kwenye bango halitenganishi nukta zilizo karibu kuliko milimita 3 hivi. Bango la mita 4 kwa 3, likijazwa nukta za ukubwa huo, litahitaji nukta 1,333 kwa 1,000. Ni megapikseli 1 na theluthi! Mchapaji makini ataomba zaidi, tuseme 6 au 8, kwa ajili ya wapita njia watakaosimama chini yake. Lakini D90 iliyochubuka ingelijaza bango hilo, na nukta zingebaki.

Zamani kidogo namba hii ilistahili kuogopwa. Mwaka 1975 mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak, huko Marekani, aliunda kamera ya kwanza ya dijitali ya kubebeka. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6, ilihitaji sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti, na picha yenyewe ilikuwa na nukta 100 kwa 100. Nukta elfu kumi tu, sehemu moja ya mia ya megapikseli. Mwaka 1991 Kodak iliwauzia waandishi wa habari kamera ya 1.3, kwa bei ambayo ungeweza kununulia gari. Nikon D1 ya mwaka 1999 ilikuwa na 2.7. Kisha mwaka 2003 Canon ikatoa 300D yenye 6.3 kwa bei ya chini ya dola 1,000, na hapo mpiga foto wa kawaida akaanza kuachana na filamu. Katika miaka hiyo, anayetoka kwenye 1.3 kwenda 6 alikuwa anatoka kwenye foto isiyojaza hata karatasi ya albamu kwenda kwenye foto ya kutundika ukutani. Muuzaji aliyesema "megapikseli nyingi" alisema kweli. Maneno yake yamebaki yaleyale kwa miaka zaidi ya 20, ilhali kazi ya namba hiyo ilikwisha.

Kilichofuata kimo ndani ya simu, na ili kukielewa afadhali kurudi nyumbani, kwenye sinia la bukari.

Nyuma ya lenzi ya kila kamera kuna kibamba kidogo kinachopokea mwanga, kinachoitwa kihisi. Katika kamera kubwa za kitaalamu kina milimita 36 kwa 24, sawa na fremu moja ya filamu ya zamani. Katika D90 kina 23.6 kwa 15.8. Katika simu za megapikseli 108 za aina ya mwanzo kina kama 9.6 kwa 7.2, karibu sawa na punje moja ya mahindi, na simu nyingi za bei nafuu zina kidogo kuliko hicho. Mwanga unaoingia kwa lenzi ndio bukari, kihisi ndicho sinia, na pikseli ndizo midomo inayolizunguka. Kwenye sinia kubwa wakikaa watoto wachache, kila mmoja anamega tonge la kushiba. Kwenye kisahani wakibanana watoto wengi, kila mmoja analamba kidole. Kila pikseli ya D90 ina upana wa maikroni 5.5, yaani milimita moja ikigawanywa sehemu elfu moja, pikseli inachukua sehemu tano na nusu. Ya simu ile ina 0.8. Kwa eneo la kupokelea mwanga, pikseli moja ya kamera kuukuu ni mara 47 ya pikseli ya simu mpya.

Mchana wa Agosti, jua la Katanga likiwa juu ya ukuta mweupe, hakuna mtoto anayelala njaa. Sinia limefurika, simu inatoa foto safi yenye kila jani na kila tofali, na yeyote anayeibeza kwa mwanga huo hajaitendea haki. Tatizo linaanza jua likizama. Pikseli iliyopata mwanga kiduchu huongezewa nguvu na kamera, na jambo hilo ni kama kusikiliza stesheni iliyo mbali na mtambo: ukikuza sauti ya mtangazaji, unaikuza na mikwaruzo. Mikwaruzo ya picha ni zile chenga za rangi zinazojaa kwenye vivuli, kwenye koti jeusi na chini ya kidevu.

Na arusi nyingi za Lubumbashi hufikia kilele chake usiku.

Ukumbi umepambwa, taa ni za zambarau na buluu, umeme umekatika mara moja na jenereta imewashwa nyuma ya jengo. Bwana arusi amevaa suti nyeusi, bibi arusi gauni jeupe linalong'aa, na sura zote mbili ni nyeusi za kupendeza zinazohitaji mwanga wa kutosha ili zionekane kama zilivyo. Kamera dhaifu hapo inalazimika kuchagua: ikilinda gauni lisigeuke karatasi tupu, nyuso zinazama gizani, ikifuata nyuso, gauni linapoteza shanga na kamba zake zote. Pikseli kubwa hubeba mwanga mwingi kabla ya kufurika na husikia mwanga mdogo kabla ya kunyamaza, kwa hiyo huweka gauni na uso katika foto moja. Huu ndio undani ambao familia hulipia. Mama wa bibi arusi hahesabu nukta. Anamtafuta mwanawe katika foto, na anataka kuiona ngozi yake ilivyo.

Jambo la ngozi lina historia yake, nayo si ndogo. Kwa miaka mingi ya filamu ya rangi, maabara zilirekebisha mashine zao kwa kutumia kadi zenye sura ya mwanamke mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Ngozi nyeusi haikuwa kipimo cha mtu yeyote, na foto za Waafrika zilitoka na macho na meno bila sura. Kampuni ya kichina ya Transsion, yenye chapa za Tecno, Itel na Infinix ambazo msikilizaji huenda anayo moja mfukoni sasa hivi, ilijijengea soko kubwa barani Afrika kwa njia nyingi, na mojawapo ilikuwa kurekebisha kamera za simu zake zijue kupima mwanga wa nyuso nyeusi. Hapo palikuwa na maendeleo ya kweli. Yalitokana na namna programu inavyosoma uso, wala hayakuhitaji pikseli hata moja ya ziada.

Makampuni makubwa yanalijua vizuri suala la njaa ya pikseli. Mwaka 2013 Sony ilitoa kamera ya A7R yenye megapikseli 36. Mwaka uliofuata ikatoa ndugu yake, A7S, yenye kihisi cha ukubwa uleule na megapikseli 12 tu, makusudi, kwa ajili ya watu wanaofanya kazi gizani. Waliokuwa na uwezo wa kuweka 36 walichagua 12, na wapiga video za usiku wakaipenda mno.

Watengenezaji wa simu nao wanajua. Simu ya 108 ikitolewa kwenye boksi na kuachwa ilivyopangwa kiwandani, haitoi foto ya 108. Inaunganisha pikseli tisa tisa, tatu kwa tatu, zile kwa pamoja kama pikseli moja ili zishibe, na foto inayotoka ni ya megapikseli 12. Kumi na mbili, zilezile za D90 ya kabatini! Simu ya 200 huunganisha kumi na sita na kutoa 12.5. Ili kupata 108 zenyewe lazima mtu aingie kwenye mipangilio na kuzichagua, na akifanya hivyo usiku atajuta. Namba iliyoandikwa mgongoni kwa herufi kubwa ni ya watoto wote waliojiandikisha. Wanaoketi mezani ni wachache.

Simu ina akili zake, na haki iko katika kuzitaja. Hupiga picha kadhaa kwa mfululizo wa haraka na kuzichanganya ziwe moja iliyo safi, kazi ambayo D90 haiwezi kabisa. Kwa sahani ya chakula, kwa nguo zinazouzwa mtandaoni, kwa jengo, kwa mtu aliyetulia, simu nzuri inashinda kamera nyingi za zamani zilizo na lenzi mbovu. Inaposhindwa ni pale vitu vinaposogea: wanaarusi wakiingia ukumbini wakicheza, shangazi akirusha pesa, mtoto akikimbia mbele ya keki. Picha kadhaa haziwezi kuchanganywa vizuri ikiwa kila moja ina mkono mahali tofauti.

Wapo watu wanaohitaji megapikseli nyingi kweli, na Lubumbashi imezaa mmoja wao anayejulikana duniani. Sammy Baloji alizaliwa hapa mwaka 1978, akasoma Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na mwaka 2006 akatengeneza mfululizo wa foto aliouita Mémoire. Alichukua watu kutoka foto za zamani za kikoloni, wafanyakazi na wakubwa wao, weusi na weupe katika rangi ya kijivu, akawasimamisha mbele ya foto zake mwenyewe za rangi zinazoonyesha mitambo ya kampuni ya madini ya Gécamines ilivyochakaa. Mwaka 2007 kazi zake zilipata tuzo kwenye maonyesho ya foto ya Bamako. Ni picha pana, nyingine zinapita mita moja na nusu kwa upana, na zimekusudiwa mtazamaji asogee hadi aone kutu ya bomba na uso wa mfanyakazi. Hapo hesabu inabadilika. Mita 1.6 kwa sentimita 60, kwa nukta 150 tu katika inchi, ni zaidi ya megapikseli 33, na mwaka 2006 kamera za namna hiyo hazikuwa mikononi mwa wapiga foto wa kawaida. Njia ya fundi asiye na kamera ya 33 ni ile ya kupiga foto kadhaa zinazopandana, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kuzishona kwa kompyuta ziwe moja. Kijana mwenye D90 na kisimamishio cha miguu mitatu anaweza kufanya vilevile leo mbele ya dohani la Gécamines na lile lima la mabaki ya madini, akapata megapikseli 40 bila kuongeza hata faranga.

Kazi nyingine ya Baloji, Essay on Urban Planning ya mwaka 2013, inapanga foto za Lubumbashi zilizopigwa kutoka angani pamoja na foto za nzi na mbu wa makumbusho ya mji, kwa kumbukumbu ya enzi ambapo mfanyakazi mweusi alitakiwa kuleta nzi 50 ili apewe posho yake ya siku. Mdudu na mji, vyote katika fremu za ukubwa mmoja. Bawa la nzi lililokuzwa hadi ukutani linahitaji kila nukta inayopatikana, na linahitaji zaidi lenzi kali, kwa sababu lenzi yenye ukungu mbele ya megapikseli 50 inachora ukungu huo kwa nukta milioni 50.

Wengine wenye haki ya kudai nukta nyingi ni wapiga foto wa mpira. Katika uwanja wa TP Mazembe pale Kamalondo, uliofunguliwa mwaka 2011, mtu amekaa nyuma ya goli moja na bao limefungwa kwenye goli la pili. Lenzi ndefu za kazi hiyo zina bei ya kutisha. Asiyekuwa nayo anapiga uwanja mzima, halafu anakata sehemu ndogo yenye mfungaji. Akikata nusu ya upana na nusu ya kimo, megapikseli 24 zinabaki 6, na gazeti linazichapa vizuri. Zile 12 zinabaki 3: hapo tayari mchezaji anaanza kupoteza uso. Megapikseli za ziada ni akiba ya kukatia, na mpiga foto ambaye hawezi kusogea karibu na tukio lake ana kila sababu ya kuzilipia.

Aliye arusini anaweza kusogea. Hatua tatu mbele hazina bei.

Kuna mchanganyiko mwingine wa maneno unaofaa kufunguliwa. Mtu wa Lubumbashi akisema "mega" anakusudia zile za intaneti anazonunua kwa mtandao wa simu yake, na megapikseli huzila mega hizo kwa pupa. Foto ya 24 iliyobanwa kwa namna ya kawaida ina uzito wa mega kama 10. Foto 1,000 za arusi moja zinajaza giga 10, na kama simu imelazimishwa kutoa 108, zinaweza kuwa mara tatu ya hapo. Kompyuta kuukuu inakwama kuzifungua, diski inajaa kabla ya msimu wa kiangazi kwisha, na jenereta inanguruma usiku kucha kwa ajili ya kunakili. Kisha foto hizo zinatumwa WhatsApp. Kwa mpangilio wake wa kawaida, WhatsApp huikata foto hadi nukta kama 1,600 kwa upande mrefu, yaani megapikseli 2 hivi. Foto ya 108 na foto ya 12 zikifika kwa shangazi aliyeko Likasi zina ukubwa mmoja. Kitakachozitofautisha ni mwanga uliokuwamo tangu mwanzo.

Basi kijana aliye dukani afanye nini na vidole vyake kabla ya kutoa dola? Aanze kwa kuomba kupiga foto mle mle ndani ya duka, mbali na mlango, bila flashi. Amlenge muuzaji usoni, kisha aikuze foto hadi nyusi zijaze kioo. Kama nywele za nyusi zinahesabika, kifaa kinafaa. Kama zimekuwa tope laini, ni programu iliyofuta chenga ikafuta na nyusi. Baada ya hapo atoke nje na kulenga kitenge kilichotundikwa ng'ambo ya barabara, chenye maua madogo na mistari myembamba. Kitenge hakidanganyi. Kuna kamera za bei rahisi, zenye sura ya kamera kubwa, zinazotangaza 24 au 48 wakati kihisi chake kina 5 au 8, na nukta nyingine zinabuniwa na programu kwa kukisia kati ya nukta za kweli. Foto yake ya kitenge ina vipimo vikubwa inapokaguliwa, lakini ikikuzwa, mistari myembamba imeyeyuka kama sabuni ndani ya maji.

Kwa kamera ya okazyo kuna mambo ya ziada. Pazia la D90 lilipimwa na watengenezaji kwa foto 100,000, na idadi ya foto zilizokwisha pigwa huandikwa kwa siri ndani ya kila faili, ambapo programu za bure za kompyuta huisoma. Iliyofikia 90,000 si mbovu, ila bei yake ishuke. Na vumbi! Kiangazi cha Lubumbashi, kuanzia Mei hadi Septemba, vumbi jekundu huingia hadi kwenye kabati la vyombo, sembuse kamera iliyobadilishwa lenzi kando ya barabara ya udongo. Jaribio lake linafaa kiangazi hichohicho: anga likiwa halina wingu, tundu la lenzi lipunguzwe hadi namba 16, apige foto ya anga tupu, kisha aitazame. Madoa ya kijivu yanayokaa mahali palepale katika kila foto ni vumbi juu ya kihisi. Linasafishika na fundi mwenye mkono mtulivu. Lenzi yenye ukungu au kuvu ndani, unaoonekana kama utando wa buibui tochi ikimulika upande wa pili, haifai kununuliwa kwa bei yoyote.

Pesa ikibaki, iende kwenye lenzi. Lenzi isiyo na zumu, ya milimita 35 au 50, yenye tundu pana la 1.8, huingiza mwanga mara nne na zaidi ya ile nyembamba inayouzwa pamoja na kamera ikiwa imevutwa kwenye 50. Ni bukari mara nne kwenye sinia lilelile. Iliyotumika hupatikana kwa bei isiyoumiza, na atakayeifunga kwenye D90 yenye megapikseli zake 12 ataingia ukumbi wa zambarau bila hofu.

Na kwa yule ambaye hana mpango wa kununua chochote, aliye na simu ya kawaida tu, ipo kazi moja ambayo megapikseli zake zinaitosha kabisa. Katika nyumba nyingi za Kamalondo na Kenya kuna foto za babu aliyefanya kazi katika kampuni ya madini ya Union Minière, zimekaa kwenye bahasha au chini ya kioo cha kabati, zinapauka mwaka hadi mwaka. Foto ya 10 kwa 15, ikinakiliwa kwa nukta 600 katika inchi, ambazo ni nyingi kuliko zinazohitajika kuichapa upya kwa ukubwa uleule, inataka megapikseli 8 na kitu. Simu ya 12 inazo, na baki. Foto itolewe kwenye fremu ili kioo kisirudishe mwanga, ilazwe kwenye meza karibu na dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja, simu ishikwe sambamba nayo kabisa, flashi izimwe, na ipigwe picha moja, na nyingine, na ya tatu. Halafu foto igeuzwe, upigwe na upande wa nyuma, pale palipoandikwa kwa penseli majina ya waliosimama na mwaka.